Siku moja maishani mwangu: mpishi wa pho na sushi, Malindi

Saa kumi na mbili asubuhi, dikoni. Kazi ya mkahawa wa pho (supu ya Kivietnamu ya tambi na nyama) na sushi (wali wa siki wa Kijapani, na samaki mbichi) huanzia hapa, si jikoni, na yeyote anayeuliza kwa nini samaki asiyepikwa auzwe ghali kuliko aliyepikwa angekuja saa hii akaona.

Namtafuta jodari. Jicho liwe limejaa na angavu, matamvua yawe mekundu, nyama ikibonyezwa irudi. Hayo kila mama wa sokoni anayajua. Kinachonitoa jasho ni baridi. Nachomeka kipimajoto kwenye nyama nene karibu na uti wa mgongo, nataka kisome nyuzi 4 au karibu na hapo. Jodari akikaa kwenye joto, bakteria hutengeneza histamini ndani ya nyama yake: mlaji anawaka uso, anawashwa ngozi, kichwa kinamgonga. Moto hauiondoi. Basi anayeniambia "mchukue tu, utamchoma" hajanisaidia kitu.

Kuna na jodari aliyevutana na mshipi muda mrefu. Mwili wake hupata joto kutokea ndani, nyama ikapauka na kuwa majimaji, ladha ikachachuka. Nakata kipande kidogo mkiani nikague kabla ya kulipa. Wachuuzi hawapendi hata kidogo. Kusi ikivuma na mashua zisitoke, jodari anatoka kwenye menyu, na sitii samaki mwingine mahali pake.

Saa moja na nusu mifupa ya supu ya pho iko motoni. Kilo 5 za ng'ombe, ya goti na yenye uboho. Chemsho la kwanza ni la kumwaga: dakika 10, povu la kijivu lipande, maji yote yamwagwe, mifupa isuguliwe chini ya bomba, sufuria ioshwe. Ndipo yaingie maji mapya, lita 12. Vitunguu 3 na kipande cha tangawizi cha urefu wa kiganja vinachomwa juu ya mkaa mpaka ngozi iwe nyeusi, kisha vinakwanguliwa. Moto uwe mdogo, mapovu yapande moja moja, kwa saa 8. Supu ikitokota kwa fujo, mafuta hupigwapigwa yakachanganyika na maji, rangi ikawa ya maziwa, na hakuna chujio litakaloirudisha.

Viungo ni anisi ya nyota 5, kijiti cha mdalasini, karafuu 5 na kijiko cha giligilani. Vinakaangwa vikavu, vinafungwa kwenye kitambaa, vinaingia saa moja na nusu ya mwisho tu. Vikikaa tangu asubuhi supu inakuwa dawa. Hapa mkono uliozoea pilau ndipo unapokosea, maana unataka bizari nzima. Bizari ikiingia umepika kitu kingine. Sosi ya samaki hutiwa mwisho. Ni dagaa na chumvi waliokaa miezi kwenye pipa, na ukifungua chupa unadhani mtu amepita na ng'onda.

Upande wa Japani uko kwenye sufuria hiyo hiyo: kila lita 3 za supu ya mifupa, lita 1 ya dashi, supu yao nyepesi ya mwani. Mwani mkavu wa kombu unaloweka kwenye maji ya vuguvugu, unautoa kabla hayajachemka, la sivyo maji yanateleza na kuwa machungu. Mwani unaolimwa Kibuyuni, Kwale, ni wa aina nyingine, haufanyi kazi hii. Mirini, divai tamu ya mchele ya kupikia, haiingii jikoni kwetu, kwa kuwa ile halisi ina kileo kama asilimia 14 na wateja wetu wengi ni Waislamu. Sukari na siki ya mchele vinatosha. Sosi ya soya nasoma maandishi ya nyuma ya chupa, maana nyingine huongezwa kileo ili zisiharibike.

Mchana ni wa friza. Kole kole na changu wa kuliwa wabichi lazima wakae nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku 7 ili minyoo ife. Friza ya nyumbani inayofunguliwa kila saa haifiki huko. Umeme ukikatika, friza iliyojaa isiyofunguliwa inaweza kushika barafu siku 2, lakini kushika barafu si kushika nyuzi 20. Kipimajoto kikipanda, hesabu ya siku 7 inaanza upya.

Saa kumi, wali wa sushi. Pishori ya Mwea tamu kwa kila kitu, ila haishikani. Hapa ni mchele wa punje fupi. Kilo 1 iliyooshwa mpaka maji yakaribie kuwa maangavu na kulowekwa nusu saa, maji lita 1.2, kisha dakika 15 umefunikwa baada ya kuiva. Unatiwa siki ya mchele mililita 130, sukari gramu 70, chumvi gramu 20, mwiko ukikata ubavuni bila kuponda, mwenzio akipepea kwa kipepeo cha ukindu. Hauingii kwenye friji, utakuwa mgumu.

Tunafungua saa kumi na mbili jioni. Kuanzia saa mbili sitazami saa tena.

Meza ya watu wanane. Bakuli za pho zimepashwa kwa maji ya moto, tambi za mchele zimechovywa sekunde 20, nyama mbichi imekatwa unene wa milimita 2, na supu imetoka jikoni ikikaribia kuchemka. Nyama inatakiwa iive ndani ya bakuli, mbele ya mlaji. Lakini simu zimetoka. Bakuli zinasogezwa kwenye mwanga, yule aende upande huu, subiri mwingine amepepesa macho. Kamba wa tempura, waliochovywa kwenye unga wa majimaji na kukaangwa, wako mezani pia. Unga wao huchanganywa na maji ya barafu na kukorogwa kidogo tu, madonge yabaki. Wakikaa, mvuke wa ndani unalainisha ganda. (Tempura Wajapani waliipata kwa Wareno, hao hao walioacha nguzo yao hapa Malindi.) Roli za sushi nazo zinasubiri, na karatasi ya nori, mwani mkavu unaozifunga, kwa unyevu wa hapa, ingawa inakaa kwenye mkebe uliofungwa na kupitishwa motoni kabla ya kukunjwa, inageuka ngozi ya kiatu kwa dakika chache.

Picha zimekwisha. Mzee anamwita mhudumu.

"Mwanangu, hii nyama mbichi."

"Samahani ami, supu imepoa ndiyo maana. Nipe nikakuchemshie."

Huwezi kuchemsha bakuli zima. Tambi zimeshafura, zimekunywa supu. Ni tambi mpya gramu 150, nyama mpya, na nusu lita ya supu kutoka sufuria ambayo haijazwi tena mpaka kesho. Zinarudi bakuli tatu. Wakati nazipanga, mama anaomba jodari wake "aive kidogo": sekunde 20 kila upande kwenye kikaango cha moto mkali, katikati abaki mwekundu. Hilo ni ombi zuri na nyama inalistahili. Anamrudisha, katikati mwekundu. Mtoto anataka viazi karai. Hatuna. Mhudumu ananitazama, nami natazama foleni ya oda nyingine tano.

Wanaondoka wameridhika, nasikia. Sijui ni saa ngapi.

Supu iliyobaki haiachwi ipoe juu ya meza usiku wa joto wa Malindi. Inagawanywa kwenye sufuria ndogo, zinakalishwa kwenye beseni la barafu, ishuke kutoka nyuzi 60 hadi 21 ndani ya saa 2, kisha chini ya 5 ndani ya saa 4 nyingine. Wali wa siki hauuzwi kesho. Wahudumu wanaula na mchuzi wa nazi, na kusema kweli si mbaya.