Shawa ya umeme inawaka kisha inazima: jinsi nilivyotatua

Shawa yetu hapa Kiamunyi, Nakuru, ilikuwa ikiwaka kidogo tu, kisha maji yanarudi baridi. Na baridi ya Nakuru asubuhi mnaijua. Fundi wa stima alibadilisha koili, ule waya unaopasha maji moto, halafu swichi ya ukutani. Wapi!

Kumbe shida ilikuwa msukumo wa maji. Ndani ya shawa hizi kuna mpira mwembamba unaosukumwa na maji ndipo koili ipate umeme. Maji yakiwa legevu, haiwaki. Nilizima stima kwenye swichi kuu, nikaifungua shawa pale inapoungana na bomba. Humo kuna kidude cha plastiki chenye tundu dogo, kazi yake kupunguza msukumo. Kinafaa nyumba zenye maji ya nguvu. Tangi letu liko juu ya dari tu. Nikakitoa. Sahani yenye matundu ya kutolea maji ilikuwa na ukoko mweupe wa maji ya kisima, nikailoweka kwenye siki usiku kucha, nikaisugua kwa mswaki.

Kabla ya kurudisha stima, acha maji baridi yatiririke kwanza. Koili ikiwaka pakavu, inaungua papo hapo. Ukinunua shawa mpya na maji yako ya kisima yana chumvi, ulizia ile iliyotengenezewa maji ya chumvi.