Siku moja na kikosi cha kazi Mount Druitt

Saa kumi na moja na robo alfajiri nawasha basi dogo. Naishi magharibi ya Sydney, Australia, na ni msimamizi wa kikosi cha kazi katika taasisi ndogo inayoendeshwa na Waaborijini wenyewe, wenyeji wa asili wa Australia, huko Mount Druitt, kilomita kama 40 kutoka katikati ya jiji. Mimi ni Mtanzania. Ndugu zangu wengi nyumbani huwadhania Waaborijini ni watu wa jangwani tu, lakini walio wengi wanaishi mijini, na viunga hivi vya magharibi ni miongoni mwa sehemu zenye Waaborijini wengi kuliko kwingine Australia.

Napita nyumba kwa nyumba kuwachukua vijana. Kazi za maghala na za ujenzi huanza mapema, na mabasi ya umma saa hizi ni ya kubahatisha. Asiye na gari anachelewa, na akichelewa wiki ya kwanza anaambiwa asirudi.

Nyumba ya tatu anatoka mama mtu mwenyewe. Kijana wake hayuko: bibi amefariki, ukoo mzima umeshika njia ya Dubbo, mwendo wa saa nyingi kuelekea bara. Msiba wao ni kama wetu, haumalizwi kwa asubuhi moja ya mazishi. Kwingineko kijana huyu angekuwa amepoteza kazi. Hapa napanga zamu upya, nampa mama pole, naondoka.

Saa moja kamili tuko kandokando ya kijito. Halmashauri imetupa kandarasi ya kurudisha msitu wa asili. Adui mkubwa hapa ni mzeituni mwitu, ule ule unaoota milimani kwetu Afrika Mashariki. Uliletwa na walowezi karne ya 19, ukasambaa, na sasa unaifunika miti ya asili ya hapa. Tunakata shina karibu na ardhi na kupaka dawa papo hapo, kabla kidonda hakijakauka. Ukizembea, linachipua upya. Vijana wanajua mikalitusi ya hapa kwa majina na kwa harufu ya majani yake, na wakishika msumeno hawahitaji kuhimizwa. Hii ni ardhi ya Wadarug, ingawa wengi wa vijana hawa ni wa makabila ya mbali, wazazi na mababu zao walikuja mjini kutafuta kazi.

Saa nne, chai. Anti, mama mkubwa wetu sote pale, ameleta mikate. Nikamuuliza, "Anti, zamani ilikuwaje?" Akaweka kikombe chini.

Zamani anayoisema ni ya mpango ulioitwa kwa herufi CDEP. Serikali iliuanzisha 1977 kwa vijiji vya mbali, na miaka ya 1980 ukafika mijini. Badala ya kila mtu kulipwa posho yake ya ukosefu wa kazi peke yake, fedha hizo zilipewa taasisi ya jamii, pamoja na nyongeza ya vifaa na usimamizi, nayo ikawalipa watu kwa kazi ambazo jamii yenyewe imechagua: kukarabati nyumba, kutunza bustani, kulea watoto, kupeleka chakula kwa wazee. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulikuwa na watu zaidi ya 30,000 nchini kote. Mijini ukafungwa Julai 2007, na kufikia 2015 ulikuwa umekwisha kila mahali.

"Walisema mjini kazi zipo," Anti akasema. "Zipo, mwanangu. Nani wa kumfikisha mtu mlangoni?"

Mpango ule ulikuwa na kasoro, na Anti hazifichi. Malipo yalikuwa madogo, na wapo waliokaa humo miaka bila kupanda ngazi. Tena serikali iliwahesabu kama watu walioajiriwa, hivyo takwimu zikapendeza kuliko hali halisi. Lakini dawa ya kasoro hizo ilikuwa mishahara bora na mafunzo. Kufunga mlango kulivunja taasisi zilizomjua kila mtu kwa jina, na ninaamini hasara hiyo bado tunailipa.

Saa saba niko ofisini, na hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Binti mmoja hana cheti cha kuzaliwa. Kuzaliwa kwake hakukusajiliwa. Bila cheti hapati leseni ya udereva, na kufungua akaunti ya benki ni shida. Tunajaza fomu, natafuta wa kushuhudia. Kaka mwingine ana faini za treni zilizolimbikizana hadi leseni ikasimamishwa. Jimbo la New South Wales linaruhusu faini kupunguzwa kwa kazi ya kujitolea, mafunzo au matibabu, mradi taasisi iliyoidhinishwa imsimamie, nasi tumeidhinishwa. Saa zake za wiki hii nazituma kabla sijala.

Saa tisa nampigia simu mwajiri wa ghala. Anataka watu wawili, wenye leseni.

Saa kumi na moja jioni nakaa kiti cha abiria, kijana wa miaka 19 ameshika usukani wa gari la taasisi. Sheria hapa inamtaka dereva mwanafunzi aliye chini ya miaka 25 atimize saa 120 barabarani akisimamiwa na mwenye leseni, 20 kati yake usiku. Familia yenye magari mawili haioni tatizo. Nyumbani kwa kijana huyu hakuna hata mtu mmoja mwenye leseni, kama ilivyo kwa nyumba nyingi ninazopita alfajiri. Ndiyo maana nasema gari hili dogo linaajiri watu kuliko semina yoyote ya kuandika wasifu.

Tunazunguka mpaka giza liingie, ili tupate na saa za usiku. Anaegesha, anajaza daftari lake, nami natia sahihi.

"Kesho tena, anko?"

"Kesho tena. Barabara kuu, ukiwa tayari."