Sura ilikuwamo kwenye negativu

Nimemaliza alfajiri ya leo kuhariri picha za harusi ya binamu yangu hapa Unguja, na kabla usingizi haujanichukua nataka niandike jambo lililonikaa moyoni miaka yote niliyoshika kamera: namna mashine zinavyoziona ngozi zetu.

Binamu mwenyewe ndiye aliyelichokoza. Alipouliza picha zitakuwa tayari lini, aliongeza, "Kaka, usisahau kuning'arisha kidogo." Si yeye tu, karibu kila harusi nalisikia hilo. Simu zimeshatuzoesha, unafungua kamera, na uso umeshalainishwa na kupaushwa kabla hujabonyeza.

Baba alikuwa na Zenit E, kamera ya Kirusi nzito, ya chuma tupu, yenye kipimo cha mwanga kisichohitaji betri. Unasoma sindano, halafu unazungusha lenzi kwa mkono wako. Nilijifunzia hapo kwamba kipimo cha mwanga, kiwe cha Zenit au cha kamera ya jana, kwa asili yake hakijui kinamtazama nani. Kinachukulia kwamba vyote vilivyo mbele yake, ukivichanganya, ni kijivu cha wastani. Msimamishe mtu mweusi mbele ya ukuta wa chokaa wa Mji Mkongwe saa saba mchana, tena amevaa kanzu iliyopigwa pasi. Kipimo kitauona weupe wote ule na kitapunguza mwanga. Kanzu itatoka kama imefuliwa na jivu, na uso utazama gizani.

Albamu ya kwetu imejaa picha za namna hiyo: Idd, Mnazi Mmoja, watoto na nguo mpya. Dada yangu mkubwa, ambaye ndiye mweusi kuliko sote, katika picha nyingi hana sura. Unaona gauni, unaona ribini, katikati pana kivuli. Nyumbani ilisemwa kwamba dada hana bahati na picha, na yeye akawa anakaa pembeni kila kamera inapotoka. Hadi leo ukimwelekezea lenzi anageuka.

Baba alipofariki nilirithi kamera na boksi la negativu, zile filamu zilizokwisha kusafishwa ambazo picha za karatasi huchapwa kutoka kwazo. Nilianza kuziskani usiku, moja moja, na kilichonitokea sikukitarajia. Sura ya dada ilikuwamo. Mashavu, kishimo cha kidevu, hata jasho juu ya mdomo, vyote vimo. Baba alikuwa akifungua lenzi zaidi ya sindano ilivyomwambia, na negativu ya rangi hubeba mwanga mwingi kuliko karatasi inavyoweza kuonyesha. Sura ilipotelea kwenye kuchapisha, pale mashine ya studio ilipopima wastani wake yenyewe, ikaona kanzu na kuta, ikaamua picha imezidi mwanga na kuitia giza. Nilimwita dada aje aone kwenye kompyuta. Alitazama kwa muda, kisha akaniomba nimtumie zote.

Nilisoma sana baada ya hapo. Kwa miaka mingi maabara za picha zilirekebisha rangi kwa kutumia kadi za mfano walizoziita Shirley, zenye picha ya mwanamke mzungu. Ngozi yake ikitoka vizuri, mashine imekaa sawa. Lorna Roth, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Concordia kule Montreal, alichapisha mwaka 2009 uchunguzi wake kuhusu kadi hizo. Anaeleza kwamba miongoni mwa waliowasukuma Kodak, kampuni ya filamu, kuboresha rangi za kahawia ni watengenezaji wa chokoleti na wa samani, kwa sababu bidhaa zao hazikuwa zikitofautiana vizuri pichani. Nilipoisoma sehemu hiyo niliweka simu chini nikatoka nje. Namfikiria dada yangu na ribini yake, na mbao za mtu zilizosikilizwa kabla yake.

Basi dijitali ilipokuja kwangu, kwa Nikon D5300 ya mtumba, niliipokea kwa hamu kubwa. Jambo la kwanza ilinilazimisha kugeuza mazoea. Negativu ya rangi husamehe mwanga ukizidi. Dijitali husamehe ukipungua. Kanzu ikishaungua kwa mwanga kwenye dijitali imekwenda, hakuna uzi wala mshono utakaourudisha. Lakini uso uliobaki gizani, ikiwa umepiga kwa faili ghafi, yaani ile inayohifadhi yote iliyoyaona kamera kabla haijayarekebisha, unaweza kuuinua. JPEG, faili ya kawaida ya picha, ina ngazi 256 tu za mwanga kwa kila rangi; faili ghafi ya biti 14 ina ngazi 16,384, na hazina hiyo ndiyo inayokuwezesha kufungua vivuli bila uso kuchafuka. Kwa hiyo sasa napima kanzu isiungue, halafu uso naufuata nyumbani.

Nahariri kwa darktable, programu ya bure iliyoanza 2009. Wapo wanaosema kuhariri ni kudanganya, na wanaopenda filamu ndio husema zaidi. Mimi nimeona negativu za baba. Aliyehariri alikuwepo siku zote, ila alikuwa mashine iliyokaa chumba cha nyuma na hakuna aliyeiuliza. Leo anayeamua ni mimi, na binamu anaweza kuja akakaa karibu yangu tukaamua pamoja.

Ndivyo tulivyofanya. Nilimwonyesha sehemu ya kurekebisha rangi moja moja. Ngozi za watu wote, weusi kwa weupe, nyingi zimo ndani ya rangi ya machungwa. Ukiipandisha mwanga hapo, mtu anapauka papo hapo. Nikaipandisha, akatabasamu. Nikairudisha, nikaongeza mwanga wa uso mzima taratibu bila kugusa rangi, mpaka hina na dhahabu na ngozi vikakaa pamoja. Alinyamaza, akaziangalia zote mbili, akauliza kwa nini kwenye ile ya kwanza hafanani na mama yake. Nikamwambia achague mwenyewe. Alichagua ya pili, isipokuwa picha moja ya kuweka kwenye simu, na hiyo nimempa kama alivyotaka.

(Filamu sijaiacha. Nyeusi na nyeupe nasafisha mwenyewe jikoni, kwa barafu, maana dawa inataka nyuzi 20 na maji ya bomba letu yana joto.)

Imebaki kazi ya kuchapisha albamu, nayo ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko zote, kwa sababu mashine za kuchapisha bado zina tabia ile ile ya kurekebisha zenyewe. Kijana wa studio ninayopeleka alikuwa akiniambia ndivyo ilivyowekwa. Safari iliyopita nilimwomba achape picha moja mara mbili, marekebisho yakiwa yamewashwa, kisha yamezimwa, nikalipia zote. Alizishika dirishani kwenye mwanga wa jua. Sasa kazi zangu anazipitisha yakiwa yamezimwa, na wiki iliyopita alinipigia kuniuliza vipi aipime picha ya mteja mwingine, bibi mmoja aliyevaa buibui mbele ya mlango mweupe.