Paka wangu ana kisukari, nampima mwenyewe sikioni

Hapa Dar ukisema paka wako ana kisukari watu wanacheka kwanza, wakimaliza wanakupa ushauri. Mpe mlonge, mpe mdalasini, jirani yangu ndo kabisa, "shoga si umtupe tu feri kwenye samaki huko atajitafutia". Dume limehasiwa, nene mpaka tukaliita Bonge, likaanza kunywa maji hadi ya ndoo ya chooni, linakojoa balaa, linakula vizuri na bado linakonda, miguu ya nyuma linakanyagia kisigino kama sungura. Umtupe wapi huyo?

Dokta alimwanzishia insulini ya glargine, hii hii ya binadamu, uniti moja kila baada ya saa 12. Kuchoma wala siyo ishu, unavuta ngozi ya ubavuni akiwa kazamisha uso kwenye bakuli, hata hashtuki. Ila angalieni mabomba ya sindano, jamaa wa duka la dawa aliniambia bomba ni bomba, siyo kweli, insulini ya uniti 100 kwa mili inataka bomba lake, ukiivuta na lile la uniti 40 unapiga dozi mara mbili na nusu.

Kilichonikera ni kliniki. Kila tukienda sukari inasoma 22, 24, naambiwa ongeza dozi. Jamani paka katiwa kwenye kikapu, kapanda bajaji, kawekwa foleni pembeni ya mbwa anayebweka, sukari isipande kwa nini? Paka akiogopa inapanda hata kama hana ugonjwa. Nikagoma kuongeza, nikaenda kuazima mashine ya kupimia sukari ya baba mkwe, naye ana sukari.

Hapo ndo sinema ilipoanza. Damu ya paka inatolewa pembeni ya sikio, kuna kamshipa kanapita ukingoni. Natoboa, kavu. Natoboa tena, damu inatoka kiduchu inasambaa kwenye manyoya, stripu (kale kakijiti ka kupimia kanakochomekwa kwenye mashine) hainyonyi kitu mashine inagoma, na stripu zenyewe bei unazijua. Mume wangu ndo alikuwa kamshika, mara nasikia ukelele, nimepitiliza sikio nimemtoboa yeye kidole, Bonge huyo juu ya kabati, na stripu ikanyonya ya mume, 5.4. Angalau tukajua baba yuko fiti.

Dawa yake ni hii. Pasha mchele mkavu kwenye kikaango, mimina kwenye soksi safi, jaribu kwanza kwenye mkono wako usije ukamuunguza, halafu mwekee sikioni mpaka lipate joto. Paka Vaseline kidogo sana pale ukingoni, damu inasimama tone badala ya kutambaa kwenye manyoya. Nyuma ya sikio weka pamba iliyokunjwa, vidole vya watu vipone. Na akitobolewa tu apewe kipande cha kuku hapo hapo. Siku hizi akisikia mashine inalia anakuja mwenyewe.

Nyumbani kabla ya sindano anasoma 13, 14, saa sita baadaye 6. Hebu fikiria ningeongeza dozi kama nilivyoagizwa! Nilipeleka daftari kwa dokta mwingine, akalisoma lote, akasema hapo hapo uniti moja usiguse. Akaniambia pia mashine ya binadamu kwa paka husoma chini kidogo ya ukweli, kwa hiyo tunaangalia mwenendo, siyo namba moja. Sukari ikishuka mno, akilegea au akayumba, mpake asali kwenye fizi, usimmiminie kooni, akizinduka ale, kisha mbio kwa dokta.

Wali na supu ya samaki tumesitisha, sasa ni kuku wa kuchemsha na makopo ya paka (makopo ndo yanayonifilisi), ila wanga ukiupunguza sukari nayo inashuka, kwa hiyo pima zaidi wiki hizo. Miguu imerudi, anaruka dirishani vizuri tu.

Mashine ya mzee nilirudisha nikanunua ya Bonge. Sasa kila asubuhi mzee anapiga simu, "Bonge leo ngapi?" Juzi nikamwambia 7, kimyaaa, halafu akasema yeye kapata 11 na anahisi mashine yake niliiharibu mimi.