Mtaalamu alitaka mashine kubwa, mimi nikaizima

"Ongezeni hewa, bakteria watakufa wenyewe." Wimbo huo, kuhusu mabwawa yetu ya kusafisha majitaka, nimeimbiwa hadi na mtaalamu aliyelipwa kuja kutushauri. Jamani, E. coli, yule bakteria wa kinyesi, anaishi raha mustarehe penye oksijeni! Wanaommaliza ni jua, pH (kipimo cha asidi na alkali) iliyopanda, na protozoa, vijidudu wanaomla. Kazi ya hewa ni kuwawezesha hao.

Bwana yule akatufungia limashine la kuingiza hewa kwenye bwawa la mwisho la majitaka, lile la kukomazia, yaani la kumalizia kusafisha maji, lenye kina cha mita moja na ushee. Siku ya kuliwasha ilikuwa shangwe tupu. Kufika jioni bwawa zima limegeuka chai ya maziwa: tope la miaka yote lililolala chini limeamshwa. Mimi nina sahani yangu nyeupe niliyoitoboa na kuifunga kamba; naizamisha hadi isionekane. Zamani ilikuwa ikipotea mkono ukiwa umezama hadi karibu na kiwiko. Siku hiyo ilipotea hata kifundo cha mkono hakijalowa. Sasa jua lipite wapi? Majibu ya maabara yakaja na kolifomu (kundi la bakteria alimo E. coli) wengi kuliko mwanzo, na mheshimiwa akapendekeza tununue mashine ya pili!

Nikaizima. Tope lilipotulia nikaning'iniza kwenye maboya mipira ya kutoa vipovu vidogo, isiguse chini. Vipovu vidogo huyeyusha oksijeni kuliko vikubwa, na havichokozi tope.

Halafu nikageuza ratiba, na hapa najisifu kidogo. Mchana hewa nazima: mwani wenyewe unatoa oksijeni, na kwa kufyonza kaboni dayoksaidi unapandisha pH, ikivuka 9.4 hivi, kolifomu wanakufa haraka. Usiku mwani nao unapumua, oksijeni inaisha. Hapo ndipo nawasha, hadi kuche, ili jua likichomoza likute oksijeni, maana bila oksijeni mwanga hauna makali yale.

Tukashuka chini ya kolifomu 1,000 kwa mililita 100, kiwango cha Shirika la Afya Duniani cha mwaka 1989 kwa maji ya kumwagilia mboga zinazoliwa mbichi. Umeme nao umepungua, tena si haba.

Sampuli chukueni alfajiri pia, msichukue ya saa saba mchana tu mkajidanganya. Chupa iwe safi ya maabara, iwekwe kwenye barafu, gizani. Na mipira huziba kwa utelezi: itoeni mkaisugue mapema, msisubiri mashine ianze kulalama.