AB, BC na mwenzenu wa PCM

Mwenzenu juzi nusura nimvurugie binti yangu mwaka mzima. Kaja na fomu ya kuchagua masomo ya darasa la kumi na mbili, huku Marekani wanachagua mapema kweli, upande wa hesabu kuna AP Calculus AB na AP Calculus BC (AP ni masomo ya kiwango cha chuo yanayosomwa sekondari), anataka nisaini. Mi niliyesoma PCM, yaani fizikia, kemia na hesabu, nikaona mbona simpo, AB si ndo kidato cha tano na BC ndo cha sita, anza na ya kwanza mama, haraka ya nini. Alicheka huyo mpaka akakaa chini.

Kumbe BC ina AB yote ndani yake. Limiti, diferensiesheni, integresheni, eneo na ujazo, hivyo vyote vipo pande zote mbili, halafu BC inaongeza vyake, ile integresheni ya u na dv iliyotutoa jasho Advansi, mambo ya pola, na mifululizo isiyo na mwisho mpaka unafika kwa Taylor. AB mada 8, BC mada 10, na zote ziishe kabla ya mtihani wa mwezi wa tano, kwa hiyo BC ni mbio. Wanasema AB ni kama semista moja ya chuo na BC ni mbili, ila chuo kukukubalia hizo alama ni mambo yake chenyewe, kuna vinavyotaka upate 4 au 5 kati ya 5. Kinachotuchanganya wazazi ni kwamba kuna shule zinampitisha mtoto AB kwanza ndo BC mwaka unaofuata, na zingine anatoka prikalkulasi anaruka BC moja kwa moja. Mitihani yote miwili mwaka mmoja hairuhusiwi, wala haina haja, ukifanya BC wanakupa na alama ya pembeni ya ile sehemu ya AB.

Sasa kwenye lile grupu letu la WhatsApp kila mtu wake yuko BC, na mimi damu ikachemka, nikamwambia basi weka BC. Akaniangalia tu. Usiku tukakaa mezani nikampa swali dogo, limiti ya (x² − 4)/(x − 2), x ikielekea 2. Akaingiza 2 akapata 0/0, kimya. Dakika nzima. Nikamwambia hebu iangalie ya juu, si ni (x − 2)(x + 2)? Akakata ya juu na ya chini ikabaki x + 2, jibu 4, akasema “baba hii si kalkulasi, hii ni aljebra”. Nikamwambia ndo hivyo, mama. Kwa uzoefu wangu watu wengi kalkulasi yenyewe haiwaangushi, wanaanguka kwenye aljebra waliyoivuka wakikimbia, na mimi form five niliona kwa macho yangu vichwa vya Division One vinapotea kwenye kutafuta alama ya kutoa.

Tukaweka AB. Kununa alinuna yeye, nami nilinuna kidogo, sitaki kudanganya.

Ila kilichoniuma zaidi nikuambie, hii foleni inaanzia mbali. Aljebra 1, jiometri, aljebra 2, prikalkulasi, ndo kalkulasi. Ukihesabu kurudi nyuma, ili mtoto aifikie darasa la kumi na mbili bila kubananisha masomo mawili mwaka mmoja au kusoma likizo, Aljebra 1 inabidi aifanye darasa la nane. Miaka kumi na tatu! Mimi umri huo nilikuwa nawaza mpira wa makaratasi, na kombi tulichagua baada ya form four.

Sasa mdogo wake yuko la saba, na fomu yake ya mwakani ipo kwenye friji imebanwa na sumaku, ina kiboksi kimoja cha aljebra, inatakiwa irudi shule Ijumaa. Nimeshampa maswali ya sehemu matatu. Moja kapata.