Stompers, Timu ya Mji wa Zabibu

Sonoma ni mji mdogo wa mashamba ya mizabibu huko California, na timu yake ya besiboli, Stompers, yaani wakanyagaji wa zabibu, ilianza mwaka 2014 ikiwa timu ya kulipwa isiyofungamana na klabu yoyote ya ligi kuu. Siku ninayoienzi zaidi ni tarehe 1 Julai 2016, Stacy Piagno aliposimama kwenye kilima cha mrushaji, pale mpira unaporushwa kwa mpigaji, katika uwanja wa Arnold Field, huku Kelsie Whitmore, binti wa miaka 17, akilinda upande wa kushoto wa uwanja: wanawake wawili katika kikosi cha wanaume, waliosajiliwa kwa mkataba, wakicheza kwa haki yao. Mwaka 2020 timu hiyo iligeuzwa kuwa ya wanafunzi wa vyuo.